Wafungwa Ishirini na Saba wa Sekela

Mgeni alifika saa nne asubuhi, akabisha hodi. Hodi ndiyo iliyomtisha Sekela. Katika nchi ile milango ilipigwa marufuku kufungwa tangu mwaka wa pili wa Awamu ya Uwazi, mapazia yakashonwa kuwa magauni, na watu wakasahau kabisa kubisha. Aliyebisha hodi siku hizo alikuwa mtumishi wa serikali, tena wa ngazi ya juu, maana wale wa chini waliingia tu.

"Karibu," alisema Sekela, na sauti ikamtoka nyembamba kama uzi.

Mgeni alikuwa mwanamume mnene, mpole wa uso, ndani ya sare ya magereza iliyonyooshwa kwa pasi hata ungedhani ingeweza kusimama peke yake. Kwapani alibana daftari kubwa, na shingoni zilining'inia filimbi na futi ya fundi cherehani. Alifuta viatu kwenye gunia la mlangoni, mara tatu kila mguu, na harufu ya dawa ya viatu ikajaa chumba kizima.

"Naitwa Mashauri, Mkaguzi Daraja la Pili. Uniwie radhi kwa kukujia bila taarifa. Wewe ndiye Mkuu wa Gereza?"

Sekela alitazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na kitanda, meza, jiko la mafuta, na kompyuta aliyoinunua kwa taabu alipohitimu chuo kikuu mwaka uliotangulia. Kwa kompyuta hiyo aliwachapia majirani barua za kuomba kazi ambazo hazikuwepo.

"Gereza gani, afande?"

"Hili." Mkaguzi alikwisha kuinama na kuanza kupima sakafu. "Futi kumi kwa tisa. Na wafungwa ishirini na saba." Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Binti yangu, huo ni msongamano."

Akatoa karatasi yenye mihuri minne na kuiweka juu ya meza. Sekela aliijua. Ilikuwa taarifa ya Siku ya Kufunua, siku ambayo kila mwananchi aliunganisha kompyuta yake na mtambo wa serikali ili serikali ijionee kwamba mwananchi hana neno. Karatasi ilisema: *Kabrasha: moja. Hali: LIMEFUNGWA. Vilivyomo: 27.*

"Neno 'kufungwa' liko chini ya Idara yetu," alieleza Mkaguzi. "Chochote kilichofungwa hapa nchini ni chetu, na mwenye mamlaka ya kufunga ni serikali peke yake. Raia akifunga, ameanzisha gereza. Wewe hata leseni huna."

Kwa wasomaji wa nchi nyingine hilo huenda likaonekana mzaha. Huko halikuwa mzaha. Karani wa Masijala Kuu alipewa amri ya kupeleka kila karatasi yenye neno "kufungwa" kwenye Idara ya Magereza, naye alikuwa mtu mtiifu. Timu ya taifa ilipofungwa mabao matatu kwa bila, gari la magereza liliwasubiri wachezaji langoni mwa uwanja, wakatumikia siku moja kwa kila bao. Waliofunga ndoa walionewa huruma. Waliambiwa waripoti kituoni kila Jumatatu. Na Mzee Anzuruni, jirani wa chumba cha pili, alitia kufuli kwenye sanduku lake la nguo. Yeye hakurudi. Vilirudi viatu vyake tu, vimeng'arishwa vizuri, pamoja na barua ya kumshukuru kwa ushirikiano wake.

Tangu siku ile harufu ya dawa ya viatu ilimtia Sekela hofu.

"Afande, si watu," alisema. "Ni sauti tu. Nimerekodi."

"Sauti za watu?"

"Za mtu mmoja."

Mkaguzi Mashauri aliandika polepole, kisha akamtazama kwa masikitiko makubwa.

"Mtu mmoja," alisema, "umemfunga mara ishirini na saba."

*

Mtu huyo alikuwa Bi Staajabu, mpishi wa shule ya msingi, ambaye kwa miaka kumi na tisa aliwawekea chakula watoto waliochelewa. Alipoanza kukohoa damu alikuja kwa Sekela, akakaa kitandani, akasema anataka kumwachia mwanawe maneno.

"Nikimwandikia watasoma. Nikimwambia sasa atalia, hatasikia. Mashine yako inaweza?"

Sekela alimwonyesha namna ya kurekodi, kisha akatoka nje, akakaa juu ya ndoo uani mpaka alipoitwa. Ilikuwa hivyo kila jioni kwa majuma matatu. Kilichosemwa hakukijua. Alichojua ni kwamba faili zilikuwa ishirini na saba, ndefu kuliko zote ilikuwa ya dakika arobaini, na fupi kuliko zote ya sekunde kumi na moja.

Kisha alimweleza Bi Staajabu habari ya kusimba faili, kama alivyofundishwa chuoni: kwamba programu inachukua faili na kuisaga mpaka iwe unga, na asiye na neno la siri ataona unga tu, ila mwenye neno hilo akilisema, unga unarudi kuwa punje zilezile, kila moja mahali pake.

Bi Staajabu alisikiliza huku ameegemea ukuta.

"Kumbe ni kufunika," alisema.

"Kufunika vipi, Bi?"

"Kama ninavyofunika chakula cha mwanangu Zawena. Mtu akiona sahani imefunikwa kwa kawa mezani, anajua ni ugali. Hakuna siri hapo. Ninafunika ili nzi wasitangulie, mwenyewe akija akikute kizima."

Sekela aliona kwamba mhadhiri wake hakuwahi kulieleza jambo lile vizuri hivyo.

Neno la siri Bi Staajabu alilichagua mwenyewe, maneno manne ya kila siku, na alipoyataja alicheka mpaka kikohozi kikamkatiza. Nakala ya kabrasha ikatiwa kwenye flashi, na flashi ikashonewa ndani ya pindo la sketi ya shule ya Zawena. Zawena aliambiwa kilichomo. Neno hakuambiwa.

"Siku atakayotimiza miaka kumi na minane umwambie," alisema Bi Staajabu. "Kwa mdomo wako. Usiliandike mahali. Na isipite siku hiyo, Sekela, maana kesho yake watamchukua."

Hilo lilikuwa kweli. Kila kijana wa nchi ile alipofika miaka kumi na minane alipelekwa Kambi ya Makofi, kujifunza kupiga makofi kwa miaka miwili, na langoni kila alichonacho kilifunuliwa na kufumuliwa.

"Nimekuahidi," alisema Sekela. Wakati ule lilikuwa jambo dogo kuahidi.

*

Gereza la Sekela likaanza kazi Jumatano.

Askari aliwekwa mlangoni. Kengele ikafungwa juu ya kitanda, na Mkaguzi akaandika kibali cha kengele kufungwa. Kwa kuwa sheria ilitaka kila mfungwa ale, saa saba mchana gari lilileta sahani ishirini na saba za ugali na maharage, zikapangwa mbele ya kompyuta, nyingine mezani, nyingine kitandani, nyingine sakafuni mpaka mlangoni. Sekela alisimama pembeni kwa vidole vya miguu, akiogopa kukanyaga chakula cha serikali.

Saa kumi askari alikagua. Hakuna aliyekula. Akaandika kwenye daftari: *Wafungwa wote ishirini na saba wamefunga.*

Taarifa hiyo ilipofika makao makuu ilizua tafrani. Haukuwa mwezi wa Ramadhani. Haikuwa Kwaresima. Wafungwa waliofunga bila sababu ya dini walikuwa, kwa vyovyote vile, wamegoma. Daktari wa magereza aliletwa, akaweka kipimo chake cha kusikilizia mapigo ya moyo juu ya vitufe vya kompyuta, akasikiliza feni ya ndani, akafumba macho.

"Wanapumua," alisema. "Lakini kwa hasira."

Sekela alicheka. Kicheko kilimponyoka, kifupi, kama chafya. Wanaume wanne waliokuwa chumbani waligeuka wakamtazama, na hakuna hata mmoja aliyetabasamu, na daktari akachomoa kalamu na kuandika jambo fulani lililochukua mistari mitatu. Kuanzia hapo Sekela hakucheka tena. Waziri wa Uwazi alitangaza redioni kwamba serikali haitavumilia gereza la mtu binafsi ambalo wafungwa wake wana msimamo kuliko wafungwa wa serikali.

Mahakamani mwendesha mashtaka alimuuliza swali moja tu.

"Kwa nini ulifunga?"

"Mheshimiwa, sikufunga," alijibu Sekela. "Nilifunika."

Mwendesha mashtaka aligeuka polepole kumtazama karani, na karani, aliyekuwa na vijana nyumbani, akamnong'oneza jinsi vijana wanavyolitumia neno hilo: kwamba mwimbaji akiimba kuliko wenzake, amefunika.

"Ulimfunika nani?" aliuliza mwendesha mashtaka, na sasa sauti yake ilikuwa tamu. "Katika nchi hii, binti, anayefunika ni kiongozi wetu, Mheshimiwa Mlezi, peke yake. Unadai umemfunika?"

Likaongezwa shtaka la pili.

*

Ni Mkaguzi Mashauri aliyemletea habari njema. Alifuta viatu mara tatu tatu, akaketi kwenye ukingo wa kitanda kati ya sahani mbili.

"Sikukuu ya Uhuru, Mheshimiwa Mlezi atawasamehe wafungwa wote nchini, na wako wamo. Utaingia uwanjani, utasema neno la siri kwenye kipaza sauti, mlango utafunguka, watatoka mbele ya watu, nawe kesi yako imekwisha."

"Watatoka vipi, afande?"

"Kwa sauti, si umesema ni sauti? Spika za uwanja mzima zitaunganishwa." Akainama karibu. "Sema neno tu, mwanangu. Mimi nina binti wa rika lako. Siku hizi sipendi kurudisha viatu."

Sekela hakula siku hiyo. Alijiambia kwamba Bi Staajabu amekwisha kufa na hawezi kuaibika. Alijiambia kwamba mle ndani huenda mna namna ya kupika maharage tu na namna ya kufua sare. Alijiambia kwamba mtu mwenye akili angesema neno, na kwamba yeye alikuwa na shahada. Sababu zote zilikuwa nzuri, na kila alipozimaliza alianza kuzihesabu upya.

Uwanjani, watu elfu sitini walikuwa wamekaa kwa mpangilio wa makofi. Mbele ya jukwaa viliwekwa viti ishirini na saba vitupu, na juu ya kila kiti kandambili mpya na kipande cha sabuni, zawadi ya anayetoka gerezani. Kompyuta ililetwa juu ya mto mwekundu. Mheshimiwa Mlezi aliketi chini ya mwavuli, akilitazama jua kama mtu aliyelipatia kibali cha kuwaka.

Sekela alisogezwa mbele ya kipaza sauti. Pumzi yake ikasikika uwanja mzima, hu, hu, hu, nayo ilimtisha zaidi, maana aliisikia hofu yake mwenyewe ikirudi kutoka upande wa pili. Alifungua mdomo akiwa amekusudia kusema, na nataka ieleweke hivyo: alikusudia kusema. Neno la kwanza lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi.

Ndipo alipomwona Zawena, kwenye safu ya wanafunzi, mkono wake mmoja umeshika pindo la sketi kama anayezuia upepo. Hapakuwa na upepo. Sekela akawaza kikohozi cha Bi Staajabu kikitoka kwenye spika zile, na watu elfu sitini wakikipigia makofi kwa zamu, safu baada ya safu, kama walivyofundishwa.

"Nimesahau," alisema.

Ulikuwa uongo wa kwanza aliowahi kuiambia serikali, na aliusema kwa sauti ndogo, lakini spika hazikujua udogo.

Mheshimiwa Mlezi hakuwa mtu wa kusubirishwa. Aliinua kidole. Askari wawili walikuja na msumeno wa chuma, wakaikata kompyuta vipande viwili, kisha vinne, kisha wakamalizia kwa nyundo. Zikaanguka skrubu na vumbi jeusi. Kila mtu alisubiri kuambiwa alichokiona.

"Wametoka," alitangaza mshereheshaji. "Wametoka kwa furaha, tena kwa kasi ambayo macho ya kawaida hayawezi kuifuata."

Makofi yalidumu dakika arobaini.

Tatizo lilijitokeza jioni, kwenye hesabu ya kandambili. Wafungwa ishirini na saba walikuwa wameachiwa, na hakuna hata mmoja aliyetia sahihi kupokea sabuni. Lazima awepo wa kujibu. Sekela akavuliwa ukuu wa gereza na kupewa ufungwa, miezi sita, kifungo cha kimya, kwa kuwa mahakama ilisema aliyesahau neno moja hastahili kuachiwa mengine. Masharti yalibandikwa ukutani mwa chumba chake kipya, katika gereza la serikali: *Neno moja, mwaka mmoja.*

*

Alikaa kimya miezi mitano na siku ishirini na moja. Alijifunza kukohoa bila kutoa sauti inayofanana na neno. Aliogopa kulala usingizi mzito, maana mfungwa wa chumba cha saba alisema "mama" akiwa ndotoni akaongezewa mwaka, na alipoamka akauliza "kwa nini" akaongezewa miwili. Zilipobaki siku tisa Sekela alianza kujiruhusu kufikiria chai ya tangawizi, na namna atakavyoikaribisha kwa sauti.

Asubuhi ya siku ile aliitwa chumba cha wageni. Alikuta meza, wavu wa chuma, na Mkaguzi Mashauri akiwa na daftari na filimbi. Upande wa pili wa wavu alikaa Zawena, amevaa sare ya shule.

"Shikamoo, dada Sekela."

Hata marahaba hakuweza kumpa. Aliinamisha kichwa.

"Nimefika miaka kumi na minane leo," alisema Zawena. Alizungumza haraka, macho yake mezani. "Kesho saa moja naripoti kambini. Langoni wanafumua mapindo yote. Sikuja kukuomba, dada. Nimekuja ili usidhani nimekasirika. Zimebaki siku tisa, wameniambia. Wewe nyamaza. Ikipotea, basi. Mimi sauti yake ninaikumbuka."

Kisha akasema polepole, kama anayeungama: "Naikumbuka kidogo."

Mkaguzi alitazama saa. Sekela alitazama viatu vya Mkaguzi, vilivyong'aa hata dari ilionekana ndani yake, na hofu ikampanda, ileile ya uwanjani, isiyopungua hata chembe. Aliwahi kudhani kwamba siku ya kutimiza ahadi hofu itaondoka kwanza, ndipo yeye aseme. Alisubiri kidogo iondoke. Haikuondoka.

"Chakula," alisema.

Filimbi ililia. Zawena aliruka kwenye kiti.

"Binti yangu," alisema Mkaguzi, na uso umemshuka, "huo ni mwaka."

"Chako."

Filimbi.

"Dada, acha," alisema Zawena. "Sina njaa. Afande, anaumwa, mnamwona anaumwa. Dada, nyamaza."

"Nimekifunika."

Filimbi ililia mara ya tatu, na Zawena akaacha kusema. Mdomo wake ulibaki wazi. Ni maneno aliyoyasikia kila alipochelewa kutoka shuleni, kila alipoingia amenyeshewa, kutoka jikoni, kabla hata hajamwona mama yake aliyeyasema. Midomo yake ikalitangulia neno la mwisho bila sauti, na Sekela aliona kwamba amelijua, na kwamba angeweza kuliacha hapo na kuokoa mwaka mzima. Lakini aliahidi kulisema lote kwa mdomo wake.

"Mezani."

Filimbi ya mara ya nne ilitoka dhaifu, kama iliyopulizwa na mtu asiye na pumzi. Zawena alikwisha kusimama. Shuleni ilibaki kompyuta moja, na mlango wa shule, kama milango yote ya nchi ile, haukufungwa. Alishika pindo la sketi kwa mkono mmoja, akagusa wavu kwa mwingine, akatoka.

Mkaguzi Mashauri aliandika minne, akapiga mstari chini yake. Alikaa akiitazama tarakimu ile.

"Miaka minne," alisema, "kwa ajili ya chakula. Na mezani hapa hakuna kitu. Hebu niambie tu, mwanangu, si kwa daftari: chakula hicho ni cha nani?"

Sekela alifunga mdomo, kitu pekee ambacho mtu wa nchi ile alikuwa bado anaruhusiwa kukifunga, akasikiliza viatu vya Zawena vikitembea kwa adabu ukumbini, kisha uani, kisha, vilipovuka lango, vikikimbia.